Mvua Kibosho, jua Mabogini: Theodora Kessy na kazi yake ya banioni

Jua bado halijapenya kwenye migomba, na Theodora Kessy tayari yuko ndani ya maji yanayomfika magotini. Gambuti zake zimejaa, lakini hajali. Kwa mkono wa kushoto ameshika ukingo wa mawe, kwa mkono wa kulia anavuta tawi la mti lililonasa mdomoni mwa mfereji usiku. Tawi linagoma. Analipiga panga mara tatu, analivuta tena, na maji yanapita kwa kishindo kama yaliyokuwa yakimsubiri yeye.

Hapa ndipo banioni, mahali mfereji unapochota maji ya mto, juu kabisa Kibosho, ambapo mashamba yanaishia na msitu wa Kilimanjaro unaanza. Wachagga huuita mfereji wa namna hii mfongo. Huu wa Theodora unateremka kupitia vihamba, mashamba yanayozunguka nyumba, vya kaya zaidi ya mia moja na arobaini, ukinywesha migomba, kahawa, ng'ombe wa zizini na bustani za mboga.

Anachota maji kwa kiganja na kuyaleta puani.

"Leo yananuka majani mabichi tu," anasema. "Yakinuka udongo, hiyo ni habari nyingine."

Kisha anafungua mfuko wa nailoni alioutundika shingoni, anatoa simu ndogo ya vitufe, anapanda hatua chache kwenye ukingo kutafuta mtandao, na kupiga.

"Mzee Mbwambo, shikamoo."

"Marahaba, Mama Pamela. Huko juu mmeamkaje?"

"Salama. Ukungu umekaa, Kibo haionekani. Ni manyunyu tu, hayana nguvu. Pandeni mpunga wenu."

"Tunapanda. Huku jua limeshaanza kutuchoma."

"Basi tutumieni kidogo. Huku nimevaa masweta mawili."

Upande wa pili wa simu, Mzee Eliakim Mbwambo anacheka. Yeye yuko Mabogini, tambarare chini ya mji wa Moshi, kwenye majaruba ya mpunga. Kutoka alipo Theodora mpaka alipo Eliakim ni mwendo wa kama saa moja kwa bodaboda, tena kama barabara ya Kibosho haijageuka tope. Lakini mwendo huo mfupi unatosha kumtoa mtu kwenye nchi ya baridi na kumwingiza kwenye nchi ya joto.

Mlima ndio unaofanya hivyo. Upepo unaotoka upande wa bahari husafiri nchi tambarare ukiwa na unyevu wake, hufika Kilimanjaro ukakuta ukuta, nao hulazimika kupanda. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, na unyevu hugeuka wingu. Ndiyo maana mitelemko ya kusini, Kibosho ikiwamo, hunyeshewa vizuri, wakati Mabogini chini yake huweza kukaa wiki nzima ikitazama mvua ya wenzao kwa mbali.

"Mgeni akija Moshi anauliza, leo mvua itanyesha?" anasema Theodora. "Ninamuuliza, wapi? Kwangu, mjini, au kwa Mzee Mbwambo? Mlima huu hauna mvua moja."

Theodora ana miaka arobaini na tisa. Si mtu wa maneno mengi mpaka umuulize kuhusu maji. Alikuja Kibosho akiwa bibi harusi, akamkuta mumewe, Ronald, akiwa msimamizi wa mfereji huu kama alivyokuwa baba yake Ronald. Kazi ya mwanamke kwenye mfongo ilikuwa moja tu, kuteka maji yakishafika nyumbani. Banioni kulikuwa kwa wanaume. Msichana akionekana anaelekea huko, alirudishwa kwa fimbo.

Mwaka ambao mambo yalibadilika, vuli haikuja kabisa. Masika iliyofuata ilichelewa, na ilipoanza, Ronald aliteleza korongoni akiondoa gogo, akavunjika nyonga. Alibebwa kwa machela ya miti hadi barabarani.

Mfereji ukabaki bila mtu, na mvua nayo ikakata. Vijana waliotegemewa walikuwa Arusha na Dar es Salaam. Wazee waliobaki waliogopa korongo. Majani yakaziba banio, mchanga ukajaa, na wiki ya tatu migomba ya chini ilianza kukunja majani. Ng'ombe wakawa wanapelekwa kunywa mtoni, mwendo mrefu, na wengine walirudi wakiwa na kiu ileile.

Ndipo siku moja asubuhi Theodora akachukua jembe na panga la mumewe, akapanda peke yake. Hakumwambia mtu.

"Niliogopa," anasema. "Si korongo. Niliogopa kuonwa. Nilivyofika nikakuta ni takataka tu zimeziba. Nikasema, ee Ruwa, Mungu wangu, hiki ndicho kinachotuua?"

Mchana maji yalifika vihambani, na kabla ya jioni kila mtu alishajua yametokaje. Mwenyekiti wa mfereji, Mzee Ildefonce Massawe, aliitisha kikao uani kwake. Theodora aliketi nyuma pamoja na akina mama wengine, mikono bado ikiwa na malengelenge.

"Tangu enzi za babu zetu, mwanamke hafiki banioni," alisema Mzee Ildefonce. "Akifika, maji hukauka."

Theodora akasimama. "Shikamoo, baba. Maji yalishakauka, na hakuna mwanamke aliyekuwa amefika."

Waliokuwapo wanakumbuka kwamba kuna waliocheka na kuna waliokohoa. Mzee Ildefonce akasema mke aendelee mpaka mume apone. Nyonga ya Ronald iliunga, ila ya kupanda korongo haikuwa tena. Kila baada ya masika watu walisubiri mzee aulize kama mume amepona. Hakuuliza. Miaka ikapita.

Ronald, ambaye sasa hutembea kwa fimbo na kushughulika na kahawa na mbuzi, anasema mwanzoni alikuwa akimweleza mkewe kila jioni mambo ya kufanya kesho. "Baadaye nikawa mimi ndiye ninayeuliza," anasema. "Siku hizi nikisikia mtu anasema 'mfereji wa Ronald', namrekebisha. Ni wa Theodora."

Kazi yenyewe haina msimu wa kupumzika. Kiangazi ni kugawa maji kidogo kwa watu wengi, kila kaya na zamu yake, na ugomvi wa zamu huja mpaka mlangoni kwake. Juni na Julai ni baridi na ukungu unaokaa siku nzima, mvua nyepesi isiyojaza mto wala kuiacha kahawa ikauke. Masika ni kupigana na mchanga na magogo. Posho yake hutokana na michango ya kaya, na hutegemea nani amevuna nini. Kuna miezi analipwa kwa mikungu ya ndizi. Hata hivyo yeye na Ronald wamemsomesha binti yao, Pamela, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi Babati.

"Mvua ndiyo iliyobadilika kuliko chochote," anasema. "Zamani masika ilikuja ikakaa, kama mgeni anayefungua mzigo wake. Sasa inaweza kukaa kimya wiki mbili, halafu ikamwaga siku moja yote iliyokuwa nayo. Vuli ndiyo kabisa, mwaka mwingine inapita mbali. Mimi hii siisomi popote, ninaiona hapa miguuni."

Urafiki wake na Mabogini ulianza kwa ugomvi. Miaka mitatu iliyopita, viongozi wa huko tambarare waliwaita watu wa mifereji ya juu kwenye kikao. Wazee wa Kibosho walijua wanakwenda kutukanwa, kwa hiyo walimtuma Theodora.

Alitukanwa kweli. Wakulima wa mpunga walisimama mmoja mmoja kusema kwamba watu wa mlimani ni wachoyo, kwamba kiangazi hunywa mto wote na kuacha mawe. Mzee Eliakim, Mpare mwenye nywele nyeupe aliyehamia Mabogini akiwa kijana na ambaye sasa ndiye mgawaji maji wa majaruba yale, alisubiri mpaka wote wakamaliza.

"Mimi kiangazi nimekizoea," alisema. "Kinachonishinda ni masika. Huku jua linawaka, hatuna habari, mara mto unafurika na kubeba miche. Hivi nyie huko juu huwa hamwoni?"

Theodora anasema swali lile lilimkaa kifuani mpaka akashindwa kumaliza soda yake. Kwa sababu alikuwa anaona. Kila mvua kubwa ilipopiga msituni, yeye alikuwa wa kwanza kujua, na kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga lango la banio ili maji yasivunje mfereji na kufukua migomba. Mifereji mingine yote ilifanya hivyohivyo.

"Nilimwambia, baba, mimi nikifunga lango nakuwa nimekutumia wewe yale maji, bila hata hodi. Nipe namba yako."

Hivyo ndivyo simu za asubuhi zilivyoanza. Hakuna ofisi iliyoziagiza na hakuna anayezilipia. Theodora huangalia msitu, hunusa maji, husikiliza utabiri redioni, kisha hupiga. Mzee Eliakim akishapokea, huwapa habari viongozi wa vikundi vya upandaji.

Masika ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Masika ya pili yakaharibika.

Siku hiyo, mwezi wa Mei, wingu jeusi lilitua msituni na mvua ikapiga kwa nguvu ambayo Theodora hakuwa ameiona muda mrefu. Akafunga lango, akapiga simu Mabogini, akasema watu watoke. Walitoka. Waliacha miche ya mpunga imeng'olewa kitaluni, imefungwa matita juu ya tuta, wakaenda kukaa mahali pa juu. Lakini mvua ile ilikatika ghafla kama ilivyoanza. Mto ulipanda kidogo tu, ukashuka. Mabogini jua liliwaka mpaka jioni, na miche ikanyauka juu ya tuta.

Aliyepiga simu safari hiyo alikuwa Justina Mkindi, kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaopandikiza mpunga kwa kibarua.

"Wewe ndiye Mama Pamela?" aliuliza Justina.

"Ndiye."

"Wanawake wangu wamerudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye shamba anasema miche tumeiua sisi. Nitawaambia nini watoto wao leo usiku, kwamba kulikuwa na wingu Kibosho?"

Theodora aliomba radhi. Justina alikata simu. Baada ya siku chache, jina jipya lilipanda kutoka tambarare kwa waendesha bodaboda, likafika mpaka sokoni Kibosho. Wakawa wanamwita Mama Gharika.

"Nililia," anasema bila kuona haya. "Nikamwambia Ronald, sipigi tena. Kila mtu aangalie mto wake."

Ronald hakumbembeleza. Alimuuliza swali moja tu, kama kuna siku aliwahi kuacha kusafisha banio kwa sababu mfereji ulimvunja kucha. Kesho yake asubuhi Theodora alipiga simu kama kawaida. Mzee Eliakim alipokea kama kawaida. Lakini wote wawili walijua kwamba chini kule wanaosikiliza wamepungua.

Kisha ikaja Aprili ya mwaka jana.

Mvua ilianza msituni kabla ya mapambazuko na haikukata. Theodora alikuwa banioni mapema, akafunga lango, akakaa chini ya mti kusubiri mto upande ili aone utafika wapi. Alizoea hesabu hiyo: mvua ya namna ile, baada ya muda si mrefu, maji hugeuka kahawia na kuanza kusukuma mawe.

Badala yake, mto ulianza kushuka.

Mwanzoni alidhani macho yanamdanganya. Kisha mawe ambayo huwa chini ya maji yakaanza kutoa migongo yao, meusi, yenye ukoga. Kelele za mto zikafifia mpaka akaanza kusikia matone yanavyopiga majani. Mvua ilikuwa bado inanyesha vilevile, na maji mtoni yalikuwa yanakwisha.

"Nywele zilinisimama," anasema. "Mto hauwezi kupungua mvua ikinyesha. Nikajua kuna mahali yamezuiliwa."

Alikuwa sahihi, ingawa wakati ule hakuna aliyejua. Huko juu msituni, kipande cha mlima kilikuwa kimeporomoka na miti yake mikubwa, kikaziba korongo. Nyuma ya kile kizibo, maji yalikuwa yanajaa.

Theodora aliacha jembe pale pale, akapanda ukingo kwa mikono na miguu kuelekea kwenye mgongo wa kilima, penye mtandao wa uhakika. Alianguka mara mbili kwenye tope. Alipofika juu, alifuta simu kwa sweta na kupiga.

"Mzee Mbwambo, toa watu majarubani."

"Mama Pamela, huku jua ni kali. Mto wenyewe umepungua, tulikuwa tunalalamika hapa."

"Ndiyo hiyo ninayokwambia! Umepungua, na huku mvua haijakata. Maji yamezibwa mahali. Yakiachia hayatakuja kidogo kidogo, yatakuja yote."

Mzee akauliza, kwa upole, "Una hakika?"

Theodora anasema hapo aliiona ile miche iliyonyauka, akasikia na ile sauti ya Justina. Angeweza kusema ndiyo. Angeweza pia kusema ngoja kwanza tuone.

"Sina hakika, baba. Nisikudanganye," alijibu. "Ila ingekuwa Pamela wangu yuko humo jarubani, ningemtoa sasa hivi."

Mtandao ukakatika.

Kilichofuata Mabogini anakisimulia Justina mwenyewe, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya jaruba, matope yakiwa yamemkauka kwenye vifundo vya miguu. Siku ile alikuwa na wanawake zaidi ya thelathini wameinama majini, wanaimba, na watoto wachache wakicheza juu ya tuta. Akamwona Mzee Eliakim anakuja kwa baiskeli, amevua shati na kulipunga hewani.

"Nikamuuliza, ni yule yule wa Kibosho? Akasema ni yule yule," anasimulia Justina. "Nikamuuliza, amesema ana hakika? Akasema, amesema hana. Hapo ndipo nikaogopa. Mtu anayetafuta sifa angesema anayo."

Justina alipaza sauti. Wengine walinung'unika, wengine walicheka na kutaja lile jina la Mama Gharika. Aliwatoa hivyohivyo, akawapeleka kwenye kilima cha shule. Njiani mama mmoja aligeuka nyuma kufuata sufuria ya makande iliyobaki kwenye mafiga. Justina alimkamata kanga na hakuiachia mpaka walipofika juu.

Kibosho, Theodora alisikia kwanza. Anasema sauti ilikuwa kama malori mengi yanamwaga mawe kwa pamoja. Halafu maji yakatokea kwenye kona ya korongo, meusi, yamesimama wima, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Banio lililojengwa na babu yake Ronald na kutunzwa miaka yote ile liliondoka bila hata kuyachelewesha maji. Lango la chuma lilionekana mara moja, likipinduka, halafu halikuonekana tena.

Alipiga simu Mabogini. Haikuita. Akapiga tena, na tena. Ronald, aliyesikia ule mlio akiwa nyumbani, alimfuata kwa fimbo yake hadi kwenye mgongo wa kilima, safari ambayo hakuwa ameifanya tangu avunjike. Alimkuta mkewe ameketi chini ya mibuni, simu kiganjani, ametapakaa tope mpaka usoni. Akaketi kando yake.

Walikaa pale mchana kutwa. Alasiri simu iliita, namba ngeni.

"Nani mwenzangu?"

"Justina. Wa Mabogini. Yule wa miche."

Theodora aliibana simu sikioni.

"Tumejihesabu mara mbili, Mama Pamela," alisema Justina. "Tupo wote. Na watoto."

Theodora alimpa Ronald simu na kujifunika uso kwa sweta.

Hasara ilikuwa kubwa. Majaruba mengi yalifukiwa kwa mchanga na mawe, pampu zilisombwa, nyumba kadhaa za karibu na mto zilibaki kuta. Mpunga wa msimu ule ulipotea. Juu nako, kaya zote za mfongo zilibaki bila maji, na kiangazi kilikuwa njiani. Lakini hakuna mtu aliyezikwa.

Wiki ya pili, asubuhi, lori aina ya Fuso lilipanda barabara ya Kibosho likiyumba, limejaa watu wa Mabogini. Walikuwa na machepeo, matoroli, mifuko ya saruji waliyochangishana na magunia ya mchele wa akiba. Wengi wao wameishi maisha yao yote wakiutazama mlima, na hawakuwa wamewahi kufika juu hivyo. Walishuka wakitetemeka kwa baridi, na akina mama wa Kibosho wakakimbilia ndani kuwatafutia masweta na mtori wa moto.

Justina alikuwa wa mwisho kushuka. Alikuwa amesikia kwamba mlimani mtu anayetaka kusamehewa huja na isale, ule mmea wenye majani marefu ya kijani ambao Wachagga huuheshimu. Kwa hiyo, lori liliposimama njiani, yeye aliruka, akaliona moja zuri, akaling'oa na mizizi yake. Hakujua kwamba masale ndiyo pia mipaka ya mashamba.

"Nilimwona mwanamke mrefu anakuja na isale lote zima, udongo unadondoka," anasema Theodora, akicheka mpaka anashika kiuno. "Nyuma yake jirani yangu anamfuata anapiga kelele, mama, mpaka wangu huo! Mama, rudisha mpaka wangu!"

Jani moja lingetosha. Theodora alilipokea, wakakumbatiana, na baada ya hapo wawili hao walikwenda pamoja kwa jirani kulipanda lile isale mahali pake, na jirani akisimamia kwa ukali kwamba lisisogee hata kidogo.

Kisha wote wakapanda banioni. Wanaume walichimba, wanawake walipanga mstari majini kupokezana mawe. Mzee Ildefonce alifika akiwa ameshikwa mkono na mjukuu, akasimama ukingoni. Chini yake kulikuwa na wanawake zaidi ya ishirini, wa mlimani na wa tambarare, ndani ya maji, mahali ambapo mama yake mzazi hakuwahi kufika.

Watu wanasema kazi ilipungua mwendo, kila mmoja akisubiri atasema nini.

"Chukueni mawe ya upande huu," alisema mzee, akionyesha kwa fimbo. "Hayo mliyoshika yatateleza."

Hakusema lingine. Kazi ikaendelea.

Banio jipya limesimama, pana kuliko lile la zamani, na lango lake limechomelewa na fundi Gurdip Singh wa Moshi mjini, ambaye alisisitiza kuja mwenyewe kulifunga ili aone linavyokaa. Wataalamu wa hali ya hewa nao walifika, wakazungumza na Theodora siku nzima juu ya pepo na mawingu, wakamwonyesha namna ya kusimika nguzo yenye rangi mtoni ili aweze kusoma kimo cha maji akiwa mbali. Anawasifu kwa moyo wote.

"Wao wanaiona mvua ikiwa bado haijafika. Mimi naiona ikishafika," anasema. "Sasa wakisema redioni kesho mvua kubwa mikoa ya kaskazini, mimi naamka mapema zaidi. Tunahitajiana."

Kwenye mkutano wa mwaka huu, wanachama wa mfongo walimchagua rasmi kuwa msimamizi, mwanamke wa kwanza kwa kumbukumbu za waliopo. Mabogini nao wamemweka kwenye kikao chao cha maji, na kila wakivuna humpelekea mchele. Ukimuuliza kama anajivunia, hajizungushi.

"Najivunia sana," anasema. "Kwa nini nisijivunie? Ukipita Mabogini jioni ukasikia watoto wanapiga kelele, ujue na mimi nimo kwenye zile kelele."

Na bado hajatosheka. Mwezi uliopita alipigiwa simu na Elinipendo Swai wa Masama, upande wa Hai, huko huko alikozaliwa Theodora. Mfereji wao umepoteza msimamizi, vijana hawataki kazi, na wazee wameanza kusema labda waulizwe akina mama. Wanaomba aje awaeleze ilivyokuwa.

Jumamosi ijayo atakwenda, na Justina na Mzee Eliakim wamekubali kwenda naye, ili watu wa Masama wazungumze na walioko chini ya mto. Mpango wake ni kwamba kila mto unaoshuka mlima huu uwe na mtu juu na mtu chini wanaofahamiana kwa majina na kwa sauti.

"Nimemwambia Elinipendo apike chai nyingi na awaite mabinti na wakamwana wote," anasema, akibana tena ule mfuko wa simu shingoni. "Kikao kikiisha hatuagani pale. Tunapanda wote, na wale wa tambarare, mpaka banioni. Sitaki mtu aniambie amesikia kwamba maji yanatoka huko juu. Nataka aingie, yampige magotini, ndipo tuanze kuongea."